Simu nimenunua mpya Lamu, baada ya miezi mitatu masasisho yakakatwa. Haki iko wapi?

Ndugu zangu, nimekasirika na leo nasema.

Mimi nina boti hapa Lamu, napeleka wageni Shela na uwanja wa ndege wa Manda. Simu ndiyo ofisi yangu: mgeni ananiandikia WhatsApp, analipa kwa M-Pesa, jioni naweka pesa benki. Disemba 2023 nilitoa shilingi 24,000 taslimu, simu mpya, boksi halijafunguliwa. Machi 2024 ikapata sasisho la usalama la mwisho, yaani marekebisho ya programu yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Tangu hapo kimya. Mwezi uliopita programu ya benki ikagoma kufunguka, eti simu haina masasisho ya usalama ya karibuni. Wageni wananingoja jetini, pesa ya petroli iko benki, na mimi nimeshika simu isiyo na ufa hata mmoja!

Simu hii nimeitunza, wallahi. Baharini naifunga kwenye mfuko wa plastiki. Chumvi ilipokula tundu la chaji nilimpelekea fundi pale Mkunguni, akalibadilisha. Betri inafika jioni. Fundi huyo huyo ndiye aliyenifungua macho: "Ndugu yangu, miaka ya masasisho hawahesabu tangu uliponunua wewe, wanahesabu tangu modeli ilipotoka." Modeli yenyewe ilitoka mwanzo wa 2021, na ahadi ilikuwa miaka 3. Basi mimi nimeuziwa mkia kwa bei ya samaki mzima. Muuzaji hakusema, boksi halikuandikwa. Pakiti ya maziwa ina tarehe ya mwisho, simu ya elfu 24 haina.

Na asije mtu hapa kuniambia kazi hiyo ni ngumu. Najua Google anatoa Android, mfumo unaoendesha simu, mwenye kutengeneza chipu, ubongo wa simu, naye atengeneze sehemu yake, kisha kampuni ya simu iunganishe na kujaribu kila modeli. Mmoja akiacha, sote tumeachwa. Lakini iPhone 5s ya 2013 ilipata sasisho la usalama Januari 2023! Pixel 8 ya Google iliahidiwa masasisho ya miaka 7, Galaxy S24 ya Samsung pia 7, Fairphone 5 miaka 8. Mtasema hizo ni simu za matajiri. Haya, Galaxy A16 ya 2024, simu ya watu wa kawaida, imeahidiwa miaka 6. Kwa hiyo inawezekana. Hawa wengine hawataki tu, maana simu ikifa mapema tunarudi dukani.

Kwingine wamebanwa. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji atangaze masasisho ya usalama yatadumu mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, masasisho yapatikane angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Someni tena hapo: hawahesabu tangu modeli ilipotoka, wanahesabu tangu ilipoacha kuingia sokoni. Sheria kama hiyo ingekuwa yetu, simu yangu ingekuwa hai leo.

Sisi tuna Katiba, Kifungu cha 46: mnunuzi ana haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua. Tarehe ya mwisho ya masasisho si habari? Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayoidhinisha simu kabla ya kuuzwa nchini. Isiidhinishe modeli yoyote mpaka tarehe hiyo iandikwe juu ya boksi, kwa herufi za kusomeka, na kwa Kiswahili. Hilo tu ndilo ninalodai kwa sasa.

Naomba kila mmoja afungue Mipangilio, aende Kuhusu simu, aguse toleo la Android, atazame tarehe ya sasisho la usalama. Andika hapa chini tarehe hiyo, modeli, na mwezi ulionunua. Nataka kuijua idadi yetu kabla sijaandika barua.