Waendeshaji wa rova wanagonga kuta za kalavati: kosa ni la mikono yao au la kioo?

pima_kalavati

Habari zenu wakuu. Nina rova ya magurudumu manne ya kukagulia makalavati ya barabara, hasa yale ya duara yenye kipenyo cha sm 90. Rova ina upana wa sm 36, urefu wa sm 45, kilo 9, na mwendo wake wa juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 na kamera yake, Camera Module 3 ya lenzi pana, imefungwa mbele kabisa juu ya bampa. Picha inasafiri kwa WiFi hadi kwenye laptopu ya inchi 14 na inafunguliwa kwa programu ya VLC. Rimoti ni ile ya michezo ya video, imechomekwa kwenye laptopu hiyohiyo.

Waendeshaji ni watatu na wote wana mkono mzuri. Uwanjani, wakiliona gari kwa macho yao, wanalipitisha katikati ya matofali bila kugusa. Likishaingia ndani wakabaki na kioo tu, linayumba kushoto kulia kama mlevi, linapanda ukuta, na limeshapinduka mara mbili. Mmoja alijaribu miwani ya FPV (inayoweka picha ya kamera mbele ya macho), dakika 10 hazikuisha akataka kutapika.

Ninashauriwa niwaongezee mafunzo. Kabla sijatoa hela, naomba kujua: ni mafunzo au ni vifaa? Na kama ni vifaa, nianze na kipi?

---

fundi_bodi

Mkuu, usiwaguse waendeshaji kwanza. Mtu akifanya vizuri kwa macho na kuharibu kwa kioo, mikono yake haina kosa. Kuyumba huko kushoto kulia ni dalili ya picha kuchelewa: anakata kona, haoni badiliko, anaongeza, kumbe gari lilishageuka. Picha inapofika anajikuta amezidisha, anarudisha kwa nguvu, na mchezo unaanza upya upande wa pili.

Pima kwanza. Fungua saa ya kuhesabia yenye milisekunde kwenye simu, iweke mbele ya kamera ya rova. Isogeze karibu na laptopu ili simu na kioo vionekane pamoja, kisha vipige picha kwa simu ya pili. Toa namba ya kwenye kioo katika namba ya kwenye simu. Rudia mara 10, andika zote, usiandike wastani peke yake. Kioo cha simu cha 60 Hz hujichora upya kila milisekunde 17 hivi, kwa hiyo tofauti ndogo kama hizo zipuuze.

VLC ndiyo ninayoishuku zaidi. Bila kubadilishwa, inaweka bafa (akiba ya picha kabla ya kuonyesha) ya milisekunde 1000 kwa video za mtandao. Ni nzuri kwa kutazama mpira, kwa kuendesha gari ni hatari. Jaribu programu ya ffplay (ANWANI ni anwani ya IP ya laptopu):

ffplay -fflags nobuffer -flags low_delay -framedrop udp://ANWANI:5000

Upande wa Pi tuma kwa UDP, si TCP (ni njia mbili za kutuma data mtandaoni). TCP ikipoteza pakiti inasimamisha zote zilizo nyuma hadi iliyopotea irudishwe, na picha ya zamani haina faida kwa dereva:

rpicam-vid -t 0 --width 1280 --height 720 --framerate 30 --intra 30 --inline --bitrate 2000000 -o udp://ANWANI:5000

Ukiona WiFi inalemewa, punguza ukubwa wa picha uende 640 kwa 480 lakini fremu 30 zibaki. Chini ya fremu 15 kwa sekunde mtu anaanza kukosea mwendo na umbali, hata picha ikiwa safi kama kioo cha dirishani.

Na angalia sana namba zinavyotofautiana. Milisekunde 250 zisizobadilika mkono unazizoea baada ya muda. Zinazoruka kati ya 100 na 400 hazizoeleki, maana kila kona ina kanuni yake. Kwa kalavati mimi ningeiacha WiFi kabisa nikavuta waya wa eteneti wa Cat5e, unafika mita 100 bila shida. Ufunge sambamba na kamba ya nailoni ya mm 4, na kamba iwe fupi kidogo kuliko waya, ili siku ya kulivuta gari lililokwama nguvu iende kwenye kamba.

---

pima_kalavati

Asante sana mkuu. Nimepima kama ulivyoelekeza. VLC: kati ya milisekunde 1180 na 1310. Kwa ffplay, WiFi ileile: kati ya 140 na 390. Kwa waya: kati ya 130 na 165.

---

fundi_bodi

Basi fanya hesabu. Sekunde 1.2 kwa mwendo wa mita 0.8 ni karibu mita nzima. Anapoliona jiwe kwenye kioo, gari limeshasogea umbali unaozidi upana wa kalavati lenyewe, na bado hajaongeza robo sekunde ya kushtuka na kubonyeza. Kwa milisekunde 150, ni sm 12 tu.

Kuchelewa kukiwa kukubwa watu huacha wenyewe kuendesha mfululizo, wanasogeza kidogo, wanasubiri waone, wanasogeza tena. Sheridan na Ferrell wa MIT waliliandika jambo hili mwaka 1963 kwa watu waliokuwa wakiongoza mkono wa mashine kwa mbali. Ukiwaona waendeshaji wako wanafanya hivyo, usiwaharakishe. Wanajilinda dhidi ya picha iliyochelewa.

---

lenzi_pana

Waya umetatua kuyumba. Kupinduka hakujatatuliwa, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni.

Kamera imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo gari likilala, kamera inalala nalo. Kwenye chumba cha kawaida ungeona sakafu imepinda kiooni. Lakini bomba la duara halina juu wala chini: ukilizungusha, picha ni ileile, duara ndani ya duara. Alama pekee ya mlalo ni mstari wa maji au matope, na kalavati likiwa kavu hata huo haupo. Mwendeshaji anapanda ukuta huku kioo kinamwonyesha bomba zuri, lililonyooka.

Sasa chukua vipimo. Tuseme kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ni sm 30. Ndani ya duara la sm 90, katikati ya ekseli iko sm 42.4 kutoka kiini cha bomba. Gari likihama sm 14 pembeni, limeshalala digrii 19. Kama betri ziko juu na kitovu cha uzito kiko sm 18 kutoka chini, linapinduka kwenye digrii 40 hivi likiwa limetulia, na mapema zaidi likiwa linakata kona. Nafasi yako ya kukosea ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Dawa yake ni kipimo cha mlalo, MPU6050 inatosha kabisa. Ifunge katikati ya bodi, mbali na mota, isome mara 50 kwa sekunde, uchuje mtikisiko, kisha chora mstari mmoja wa upeo katikati ya kioo unaolala kinyume cha gari. Uzuri wake kwenye bomba la duara ni kwamba mlalo unakwambia pia uko wapi: ukiwa sifuri, uko katikati. Mwambie mwendeshaji aufuate mstari ule badala ya kukisia nafasi ya kuta. Weka mlio kuanzia digrii 12, na digrii 20 mota zikatae kwenda mbele, zikubali kurudi nyuma tu. Betri nazo zishushe chini ya bodi, ni kazi ya saa moja.

La pili ni mahali pa kamera. Pale kwenye bampa haioni hata tairi moja, kwa hiyo mtu hana kipimo cha upana wa gari lake. Irudishe nyuma kwenye mlingoti, lenzi iwe sm 30 hadi 35 kutoka chini, iinamishwe mpaka pembe mbili za mbele za gari zionekane chini ya picha. Warusi walilijifunza hili Mwezini. Rova yao Lunokhod 1 ya mwaka 1970 ilikuwa na kamera za kuongozea zilizokaa chini, na waendeshaji waliokuwa Crimea walipata tabu kuyasoma mashimo na mawe. Lunokhod 2 ya mwaka 1973 ikaongezewa kamera ya tatu, juu zaidi.

La tatu, lenzi yenyewe. Ile pana inaona digrii 102 kutoka kushoto hadi kulia. Laptopu ya inchi 14 ukiwa umekaa sm 60 inachukua takriban digrii 29 za macho yako. Dunia yote ya digrii 102 imebanwa humo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kidogo, na jicho linatafsiri kidogo kuwa mbali. Ndiyo maana wanagonga kitu walichokuwa wanakiona muda wote. Usibadilishe lenzi, upana unauhitaji. Chora alama za umbali. Panga vipande vya utepe ndani ya kalavati kwenye mita 0.5, 1 na 2 kutoka bampa, gari likiwa katikati, kisha juu ya picha chora duara linalopita kwenye kila utepe. Kwa kalavati la mraba chora mistari miwili ya upana wa gari inayokwenda mbele. Kamera ikiguswa hata kidogo, alama zote zinadanganya, kwa hiyo zihakikishe kila asubuhi kwa utepe uleule.

Na mwanga. Gizani kamera ikijiongoza yenyewe inaacha shata (mlango wa mwanga) wazi muda mrefu, na picha ya gari linalokwenda inakuwa na ukungu. Funga muda wa shata, --shutter 16000 (ni maikrosekunde), kisha ongeza taa ya LED ya wati 10. Taa isikae jirani na lenzi, ishushe chini pembeni, la sivyo vumbi lote linang'aa usoni. Mdomo wa kutokea nao ukiingia kwenye picha, kamera inaufuata mwanga ule na sakafu inakuwa nyeusi tii. Shata ikiwa imefungwa, tatizo hilo linapungua, na likibaki, funga na --gain, yaani ukuzaji wa mwanga.

---

mkaa_na_rimoti

Dada lenzi_pana kamaliza mengi. Naongeza lililo baya kuliko yote, na halijatajwa: picha iliyoganda. Mawasiliano yakikatika, programu nyingi zinaacha fremu ya mwisho kiooni. Mwendeshaji anaona gari limesimama, anasukuma kijiti, na gari linakwenda kweli.

Weka kinga mbili zisizotegemeana. Kwenye gari: amri isipofika ndani ya milisekunde 300, mota zizime. Iandikwe kwenye bodi inayoendesha mota, si kwenye Pi, maana Pi nayo huganda. Kwenye laptopu: Pi iandike saa yake kwenye kila fremu, na fremu ikizeeka zaidi ya milisekunde 500 picha yote igeuke ya kijivu na mkingamo mkubwa juu yake. Usitegemee nukta nyekundu ya pembeni. Jicho lililozama katikati ya bomba haliioni, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Badilisha umbo, na uongeze sauti.

Namba kiooni ziwe chache: volti, mlalo, mwendo, urefu wa waya uliotoka, umri wa picha. Zikae ukingoni mwa chini, katikati pabaki pa bomba. Joto la Pi, asilimia ya kumbukumbu na anwani ya IP viwe ukurasa mwingine. Kwa betri ya lithiamu ya seli tatu, onyesha volti wakati mota zinafanya kazi, si zikiwa zimepumzika: 12.6 imejaa, 10.8 geuza urudi, maana kurudi nako kunakula umeme.

Miwani iacheni kwa kazi hii. Macho yanaona mwili unayumba huku masikio ya ndani yanasema umekaa kwenye kiti, na kichefuchefu kinatoka hapo. Kama ina kufuata kichwa, ni mbaya zaidi, kwa sababu kamera inageuka baada ya shingo kugeuka. Wanaipenda kwa sababu inaziba jua. Jua lizibwe kwa sanduku: ubao mwembamba au katoni nene, kina cha sm 40, ndani pakwa rangi nyeusi isiyong'aa, laptopu inaingia upande mmoja na uso upande wa pili. Acheni tundu la hewa nyuma, laptopu inachemka humo. Badilishaneni kila dakika 20.

---

pima_kalavati

Nashukuru sana wote. Swali moja: niongeze kamera ya pili ya nyuma, kwa ajili ya kurudi?

---

lenzi_pana

Ndiyo, bomba la sm 90 halikupi nafasi nzuri ya kugeuza gari la sm 45 bila kupanda ukuta. Lakini usionyeshe picha mbili kwa pamoja. Akirudi nyuma, picha ya nyuma ijae kioo yenyewe, iandikwe NYUMA kwa herufi kubwa, na kijiti cha kona kifuate picha anayoitazama: akisukuma kulia, gari liende kulia kwa kioo chake. Wajaribu hapo kwanza uwanjani, wakiwa wameligeuzia gari mgongo.

---

fundi_bodi

Na kamera hiyo ya pili iwe ya USB inayotoa MJPEG (video ya picha za JPEG mfululizo), 640 kwa 480. Pi 4 ina milango miwili ya HDMI lakini wa kamera ni mmoja tu, usije ukanunua Camera Module nyingine ukakosa pa kuichomeka. Ukishaifunga, pima tena kuchelewa kwa kila kamera peke yake, kisha zote zikiwa zimewashwa.