Nina miaka 57, nimeanza kunyanyua chuma siku moja na mwanangu: yeye anavimba, mimi niko vilevile

Fundi_wa_Mageti (Katwe, Kampala)
Salaam wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kilo 72. Miezi sita iliyopita mwanangu wa miaka 22 alinivuta kwenye jimu ya uani kwa jirani. Vyuma vyenyewe ni gia za lori na mikebe iliyojazwa saruji, lakini kazi inafanyika. Tunapiga seti zilezile, mara tatu kwa wiki.

Juzi mama watoto, ambaye ni fundi cherehani, alitupima mikono kwa utepe wake. Kijana ameongeza sentimita 3. Mimi nusu, na hiyo nusu mama anasema huenda utepe ulilegea. Mashati ya kijana yanarudishwa kupanuliwa. Mimi naambulia magoti yanayouma na siku mbili za kukaa kwa kujishikilia ukuta. Umri huu misuli inakua kweli, au napoteza muda? Kuna jamaa ananishawishi nichome sindano za kukuza misuli.

Chakula ni cha kawaida: asubuhi chai na chapati, mchana matoke na mchuzi wa karanga, nyama au samaki ni usiku.

Boda_Ntinda
Mzee wangu, mpunguzie kijana posho (ugali), mtalingana 😂

Viungo_Mbarara
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo, wazee wa namna yako nawaona kila siku. Misuli inakua, ila haikui kwa kasi ya mwanao, na usiitafute kwenye utepe kwanza. Umri ukisonga, mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli hupungua, na nyuzi za haraka, zile za kunyanyua kwa ghafla, ndizo zinazonyauka mapema. Ukianza chuma, fahamu hujifunza upya kuziita nyuzi zilizobaki. Kwa hiyo nguvu hutangulia, unene hufuata nyuma sana.

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, walichapisha matokeo ya wakazi wa makao ya wazee wenye umri wa karibu miaka 90. Walifanya mazoezi mazito ya miguu wiki 8. Waliomaliza, nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, lakini msuli wa paja uliongezeka asilimia 9 tu. Wewe wa 57 ni kijana kwao.

Tatizo lako naliona kwenye sahani. Msuli wenye umri una usikivu mdogo kwa protini. Mwanao akipata gramu 17 hivi kwa mlo, ujenzi unaanza. Wewe unahitaji kama gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili, yaani karibu 29, na kwa kila mlo. Chai na chapati haifiki huko, matoke ndiyo kabisa. Nyama yote unaisubirisha hadi usiku. Mayai mawili na nusu lita ya maziwa asubuhi, umefika.

Afande_Mstaafu (Bombo)
Naongezea, mimi nina 63. Usifuate ratiba ya kijana. Miguu naifanya Jumatatu na Alhamisi, basi, maana misuli inahitaji muda wa kupumzika. Lakini uzito usiuogope: ukimaliza seti na unaweza kuongeza kumi nyingine huku unapiga soga, huo ni mchezo. Kama una presha, usibane pumzi unaponyanyua. Toa hewa wakati wa kusukuma juu. Na magoti yapelekwe kwa mtu ayaangalie, si ya kujikaza.

Mama_Busia
Mbona mimi nabeba jerikeni la lita 20 tangu usichana na mikono haijanenepa?

Viungo_Mbarara
Kwa sababu jerikeni ni lilelile, dada. Msuli ulishalizoea zamani. Ukitaka ukue, mzigo lazima upande, au mara za kunyanyua zipande. Na kwenu, hedhi ikikoma msuli hupungua haraka zaidi, kwa hiyo usilitupe hilo jerikeni.

Fundi, kuhusu sindano: testosteroni (homoni ya kiume) ya mtaani huzima ile unayoitengeneza mwenyewe, na inaweza kuifanya damu iwe nzito. Achana na huyo jamaa.

Fundi_wa_Mageti
Sasa mmenikumbusha. Mtungi wa oksijeni pale karakana, mwaka jana nilikuwa siusogezi bila msaidizi. Wiki iliyopita niliuinamisha na kuuviringisha peke yangu hadi barazani, nikaendelea na kazi wala sikuwaza. Kumbe!

Miguu naipunguza iwe mara mbili, na magoti nitayapeleka. Shida ni mayai. Mama watoto anauliza nani analipia mawili kila asubuhi, na kijana amesikia maneno yenu, naye anataka manne.

Mama_Busia
Mukene (dagaa), mzee. Kaanga na nyanya, weka kwenye hiyo chapati. Mayai mwachie anayepanuliwa mashati, ila ajinunulie.