Naomba ushauri: mashine nyepesi ya kufyonza vumbi, Oreck au Shark?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Minneapolis, nafanya usafi wa nyumba za watu, na karibu zote zina zulia chumba kizima. Mashine yangu ya kusimama imenichosha. Mkanda wa brashi umekatika mara mbili tangu Machi, na juzi plastiki inayoshika brashi imepasuka. Nimeizungushia utepe wa gundi, nywele bado zinajisokota humo kama uzi kwenye bobini. Na uzito wake! Nikimaliza ngazi, bega lote linawaka.

Nawaza Oreck XL, kama kilo 4 hivi. Ila inataka mifuko, haina mpira wa kufyonzea pembeni, na taka hupita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni, naogopa sarafu za watoto. Shark Navigator Lift-Away ina mpira na vichujio vya kuosha, lakini inapita kilo 5, na kile kikopo cha vumbi ni plastiki.

Mnaozitumia kila siku (si Jumamosi tu): mkanda unadumu miezi mingapi? Brashi mnabadilisha wenyewe? Na nikipata iliyotumika, ninunue au najitafutia balaa?