Shairi langu la mwembe linasomwa kama la mazingira, nifanyeje?

KalamuYaTanga:
Wakuu, habari za jioni. Nimeandika tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya beti sita. Mwembe humo ni baba yetu mkubwa, mkarimu sana kwa wageni, lakini ndani ya ukoo hakuna anayefurukuta mbele yake. Mishororo miwili ya mwanzo:

Mwembe wetu wa uani, matawi umetandaza,
Na mchicha ulo chini, jua umeukataza.

Nimelighani barazani, makofi tele, kisha mzee mmoja akashauri nilipeleke kwenye siku ya kupanda miti! Niongeze ubeti wa mwisho unaosema mwembe ni nani?

Mlalahoi_Mshairi:
Usithubutu. Fumbo likifumbuliwa na aliyelifumba, wasikilizaji wabakiwe na nini?

TichaFasihi:
Mlalahoi yuko sahihi, ila hajakusaidia. Ndugu, kila anachofanya mwembe wako, mwembe wa kweli hukifanya. Mchicha wa kivulini haustawi, mkulima yeyote anajua. Msomaji atatafuta la zaidi kwa sababu gani?

Kasome shairi la "Mamba" la Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya. Alilitunga kifungoni, alikokaa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu chake cha Kenya: Twendapi?, na limo katika diwani yake Sauti ya Dhiki (1973). Ubeti wa kwanza tu anatangaza kwamba analifumba, wawezao walifumbue. Halafu anakuja mamba aliyetakabari, anayejigamba kwamba ataishi dahari. Sasa mamba gani wa mtoni ana takaburi, yaani kiburi? Takaburi ni ya watu, tena ya wenye madaraka, na wasomaji wa Kenya ya wakati ule hawakuhitaji kutajiwa jina.

Kwa hiyo mpe mwembe tendo moja lisilo la mti. Kwa vina vyako hivyohivyo:

Wadai hata shukrani, kivuli kodi watoza.

Hapo hata yule mzee wa kupanda miti atageuza shingo.

BintiWaPate:
Ticha, nakubali, ila moja tu litoshe. Mwembe ukianza kudai, kununa na kuitisha vikao, tumeshaingia kwenye hadithi za sungura na fisi. Al-Inkishafi, ule utenzi wa kale, inaonyesha njia nyingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuingiza katika majumba ya Pate yaliyokufa, na kwenye madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani wamelala makinda ya ndege. Ndege wale ni ndege kwelikweli. Kinachouma ni mahali walipolala. Nawe tuonyeshe ni nani alikuwa akikaa pale uani kabla mwembe haujatanda.

KalamuYaTanga:
Dada, hapo umenigusa, maana palikuwa na bustani ya bibi. Mshororo wa Ticha nauchukua, na ubeti wa pili nauvunja niuanze upya. Swali la mwisho: Idi ukoo mzima tunakutana, nilighani hapo?

Mlalahoi_Mshairi:
Hapana, mkuu. Barazani kila mtu ana mwembe wake kichwani. Huko kwenu, kabla hujamaliza ubeti wa kwanza wote watakuwa wanamtazama mtu mmoja. Kuna mdogo wako yeyote anayelipiwa ada na baba mkubwa?

KalamuYaTanga:
Wawili.

Mlalahoi_Mshairi:
Basi subiri wamalize shule.