Mashine ya kuosha vyombo kutokuwa na kioo mlangoni: nani aliamua tusione kinachoendelea humo ndani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Jana usiku nimepanga vyombo kwenye mashine, nikaweka kidonge cha sabuni, nikachagua ile programu ya kubana matumizi inayochukua zaidi ya masaa matatu, nikaenda kulala. Asubuhi nafungua mlango: rafu ya chini sahani zinang'aa, rafu ya juu ni aibu tupu. Glasi zina utando wa maziwa, vikombe vina machicha ya kahawa yaliyokaukia humo humo. Kumbe mpini wa mwiko ulipenya kwenye waya za rafu ukaning'inia chini, ukauzuia ule mkono wa kurushia maji usizunguke. Mpini mmoja tu! Masaa matatu ya umeme, maji na sabuni yamekwenda kwa sababu ya sentimita mbili za mti.

Kungekuwa na kioo ningeligundua hilo ndani ya dakika mbili, nikiwa bado nimesimama hapo hapo jikoni.

Mnaojua mashine hizi mnaelewa kwamba ile mikono haina mota yake. Pampu inasukuma maji, maji yanatoka kwenye matundu yaliyotobolewa kimshazari, na nguvu ya maji kutoka ndiyo inayouzungusha mkono. Uking'ang'ania mahali, pampu haina habari. Inaendelea kusukuma, hita inapasha, saa inahesabu, na mwisho mashine inakupigia kengele kwa furaha kabisa kwamba kazi imekwisha. Kazi ipi?

Halafu tazameni vifaa vingine jikoni. Oveni inafika nyuzi 250 na ina kioo, tena cha tabaka mbili au tatu ili usiungue ukikigusa. Maikrowevu ndiyo inayoniumiza zaidi. Mawimbi yake yana urefu wa kama sentimita 12, basi watu wakaweka wavu wa chuma wenye vitundu vidogo mlangoni: mawimbi yanazuiwa, mwanga unapita, na wewe unaona uji unavyotaka kufurika. Yaani mtu alikaa chini akaumiza kichwa ili mimi nitazame bakuli likizunguka kwa dakika mbili. Kwa mashine ya masaa matatu, nimewekewa bati.

Mashine ya kufulia nayo ina dirisha, ingawa sijawahi kulihitaji. Nguo zikizunguka nizifanyeje, nizipigie makofi? Na ukweli ni kwamba kile kioo kilichobonyea kwa ndani kina kazi nyingine pia, kinazisukuma nguo zirudi kwenye pipa zisinaswe na mpira wa mlango.

Nimemuuliza fundi mmoja, akanipa sababu zake. Sitaki kumdharau, baadhi zina mashiko. Anasema kwanza hutaona kitu: maji yanaupiga mlango muda wote, mvuke umejaa, na ndani ni giza. Sawa, lakini hata mvua ikinyesha natazama dirishani na kujua kama mti umeanguka. Sihitaji kuona ua lililochorwa kwenye kikombe, nahitaji kuona kivuli cha mkono kikipita. Kuhusu giza, kuna mashine zina taa ndani inayowaka ukifungua mlango. Kumbe taa inaweza kukaa humo! Ila inawaka wakati ambao naona vizuri tayari.

Akasema sabuni ya mashine ni kali, si kama ile ya mkononi, na maji ya chumvi chumvi yanaacha ukoko mweupe, kwa hiyo kioo kitafifia baada ya muda. Hapa nakubali nusu. Glasi zangu zenyewe zimeshaanza kuwa na ukungu usiotoka kwa kusugua. Lakini mlango wa chuma nao naufuta, nitashindwa kufuta kioo?

Hoja yake yenye uzito ni ya mlango wenyewe. Katikati yake, pale pale ambapo ningetaka dirisha, ndipo kilipo kisanduku cha sabuni na cha dawa ya kung'arishia. Juu kuna vitufe na nyaya. Na kati ya bati la nje na la ndani wamejaza vitu vya kuua kelele, ndiyo maana mashine za siku hizi zinafika desibeli 40 na kitu na unaweza kuongea na simu pembeni yake. Ukitoboa dirisha, kelele zinatoka. Halafu wengine wanataka mlango ufunikwe na ubao ufanane na makabati. Haya, wao wafunikiwe. Yangu imesimama peke yake ukutani, inamficha nani?

Maana dirisha si lazima liwe mlango mzima. Kitundu cha ukubwa wa kiganja, pembeni, kioo cha tabaka mbili. Nani atakufa?

Kilichonipandisha presha kabisa ni hiki. Mashine nyingi za kisasa zina kihisi kinachopitisha mwanga kwenye maji machafu kupima ukungu wake, kisha mashine inaamua yenyewe iongeze maji au isiongeze. Yaani mashine imepewa jicho, mimi niliyetoa hela nimenyimwa! Na kuna nyingine, kwa kuwa vitufe vimejificha juu ya mlango, zinamulika kidoa chekundu sakafuni ujue bado inafanya kazi. Taa ya kuitazama sakafu tumepata. Ya kutazama vyombo, bado tunasubiri.

Josephine Cochrane, yule mama wa Kimarekani aliyebuni mashine ya kuosha vyombo, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1886, akaipeleka kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Inasemekana alichoka na watumishi kumvunjia vyombo vyake vya thamani. Miaka karibu 140 baadaye nami nafunga mlango na kuomba Mungu. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila huyu unauziwa upya kila usiku.

Msiniambie "fungua mlango katikati uangalie". Nimeshajaribu. Ukifungua, swichi inazima kila kitu, na mkono ulikuwa unazunguka au haukuwa, vyote viwili utaukuta umetulia. Fundi kanifundisha ujanja: kariri mkono umeelekea wapi kabla ya kufunga, washa, subiri maji yaanze kurushwa, fungua uone kama umehama. Na kabla ya yote uzungushe kwa kidole uhakikishe haugongi kitu. Inasaidia, lakini ndiyo nimefikia hapo, kukariri uelekeo wa kipande cha plastiki kama nasoma dira.

Kama kuna mtu anayo ya nyumbani yenye kioo, aweke picha hapa tuone kama kweli kimejaa ukungu au fundi kanidanganya. Mimi narudi kwenye sinki, vile vikombe sijaviosha bado.