Mmeniuzia kutu iliyopakwa lami! Pikapu kutoka Uingereza imekatika chesesi wiki ya 7

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka asome kichwa cha habari apite.

Nilinunua pikapu dabo kebini ya dizeli, ya mwaka 2010, kwenye yadi moja hapa Dar. Milioni 34 taslimu, pesa ya kiwanja nilichouza Chanika. Ndani safi, viti havina kiraka, injini imetulia, bodi ya rangi ya fedha inang'aa. Nikainama kuchungulia uvunguni: nyeusi tii, kama kiatu kilichopigwa kiwi asubuhi ya Idi. Muuzaji akacheka. "Bosi, huko chini kumepigwa dawa, hii hata uipitishe baharini." Nikaamini. Nilichungulia kwa sekunde tano, nikatumia nusu saa kukagua redio. Hilo ni kosa langu na nalikubali, msije kunisimanga kwenye majibu.

Wiki ya 7 natoka Feri alfajiri na kreti za samaki na barafu, kama kilo 700, napeleka Mbezi Beach. Naacha lami naingia barabara ya vumbi ya mteja wangu, tuta la kwanza tu: KWAA! Nyuma upande wa kushoto gari ikakaa chini kama ngamia anayepiga magoti. Nikashuka nikidhani springi imekatika. Springi nzima, haina hata ufa. Kilichong'oka ni kishikizo cha springi, kimeondoka na kipande cha chesesi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kama kiganja changu.

Samaki nikahamishia kwenye bajaji mbili. Hasara ya siku hiyo naiacha, nitaumwa bure.

Gereji, fundi akapiga jeki, akalala chini na bisibisi. Hakutumia nguvu. Akagusa ile dawa nyeusi, ikabanduka kama ukoko wa wali sufuria ikilowekwa. Chini yake chuma kimegawanyika matabaka kama chapati ya kusukumwa vizuri, unachambua moja moja. Akachokoa sehemu ya pili, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Akaingiza kidole ndani ya chesesi akatoa tope kavu la kijivu, akanionyesha bila kusema neno. Fundi mwenye maneno mengi yule, siku hiyo kimya. Hapo nikajua nimekwisha.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake ndilo lililonileta hapa: "Bosi, wewe si unabeba samaki? Maji ya barafu yana chumvi, umeiozesha mwenyewe. Na Bongo hakuna theluji, kutu inatoka wapi?"

Twende taratibu, kwa sababu najua wapo humu watakaomuunga mkono.

Maji ya samaki yanakula chuma, sibishi. Ndiyo maana kila jioni namwaga maji matamu kwenye bodi na uvunguni. Lakini chesesi ya pikapu si bati la kuezekea banda. Ni chuma kizito, hakiwezi kuwa matabaka ya chapati ndani ya wiki 7, hata ningeifuga gari ndani ya beseni la dagaa. Halafu kutu ile imeanzia ndani kuja nje, na ipo hadi mbele chini ya injini, ambako samaki wangu hawajawahi kufika. Na lami iko JUU ya kutu. Mimi sijapaka lami. Nani alipaka, na alikuwa anaficha nini?

Sasa hiyo theluji. Uingereza wakati wa baridi malori yanapita usiku yanamwaga chumvi ya mawe barabarani, chumvi ileile ya kula, ila ya kuchimbwa. Cheshire kuna mgodi mkubwa kabisa wa kazi hiyo. Chumvi inayafanya maji yasigande haraka, watu wasiteleze. Vizuri kwa matairi, msiba kwa chuma. Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Ukitia chumvi, maji yanapitisha umeme vizuri zaidi na kazi ya kutu inakwenda mbio. Sehemu zenye baridi kali, Marekani na Kanada, wanaongeza kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, ambazo zinavuta unyevu hewani zenyewe, kwa hiyo chuma hakikauki hata siku isiyo na mvua.

Sasa chesesi ya pikapu ni kama boksi refu lenye matundu. Matundu yamewekwa ili maji yatoke. Tairi inarusha tope lenye chumvi, linaingia, linaziba matundu, linakaa. Hapo ndipo "Bongo hakuna theluji" inapokufa: chumvi haikubaki Uingereza! Imepanda meli na gari. Imefika Dar, ikakuta joto, masika na upepo wa bahari, ikaendelea na kazi pale ilipoishia, tena kwa kasi, maana joto linaongeza mwendo wa kutu.

Nilijuaje ni ya Uingereza? Yadi waliniambia "ya Japani, ilikuwa ya mzee mmoja tu". (Huyu mzee wa Japani ana magari mangapi jamani? Kila gari Dar ilikuwa ya kwake.) Kwenye dashibodi, chini ya kitabu cha matumizi, nikakuta risiti ya kubadilisha oili yenye namba ya usajili ya zamani. Mpwa wangu akaiandika kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Wakuu, ni BURE. Kule gari ikifika miaka 3 inakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT, na matokeo ni wazi kwa yeyote mwenye namba: umbali ilioutembea (kwa maili), ilifaulu au ilifeli, na kwa nini.

Nimesoma historia ya gari yangu nikajisikia kama mtu anayesoma cheti cha hospitali cha mchumba aliyefichwa. Mwaka 2017: angalizo, kutu kwenye chesesi. Mwaka 2019: angalizo, kutu imezidi. Mwaka 2022: IMEFELI, chesesi imeoza karibu na kishikizo cha springi ya nyuma. Upande gani? Kushoto. Mahali palepale! Baada ya hapo hakuna ukaguzi mwingine. Wenzetu kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali springi au breki inaposhikiliwa hawana mzaha nayo, maana ndipo uzito wote unapotua. Gari ikakataliwa kwao, ikapigwa brashi ya lami, ikaja kwangu kwa milioni 34.

Na msidhani kutu ya chesesi ni malalamiko ya mtu mmoja mwenye gundu. Mwaka 2016 Marekani, Toyota walikubali kumaliza kesi ya chesesi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari kama milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Hawakukiri kosa, lakini mwenye gari iliyooza kupita kiasi alibadilishiwa chesesi nzima. Mimi naambiwa nimelowesha na samaki.

Mnaonunua za Japani msijione mmepona. Hokkaido na kaskazini yote kunamwagwa chumvi vilevile. Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya pale gari ilipouzwa mnadani Japani. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni chuma kilichoanza kuliwa. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, na pesa yako ipotee hivyohivyo mfukoni mwako.

Lami inaniuma kuliko yote, kwa hiyo nirudie. Lami au mpira mweusi ukipakwa juu ya chuma safi kilichokauka, sawa, unasaidia. Ukipakwa juu ya kutu ni shuka juu ya maiti. Ukipata ufa mdogo, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, chuma kinaoza gizani huku wewe unaona nyeusi inang'aa. Uvungu wa gari ya miaka 14 ukiwa mweusi kuliko tairi mpya, kimbia. Bora uone kutu ya juujuu ya kahawia, hiyo inaongea ukweli. Nenda na tochi, nyundo ndogo na nguo ya kuchafuka. Gonga chesesi: chuma kizima kinalia kengele, kilichooza kinalia kama debe lenye pumba. Angalia paipu za breki pia, zile nyembamba za chuma zinazokwenda nyuma. Zangu mbili zilikuwa zimebaki uzi. Ningekuwa sijavunjikiwa kwenye tuta, ningekosa breki mteremko wa Kimara na uzi huu angefungua mjane wangu.

Fundi amenipa hesabu: kukata palipooza, kuchomelea plati pande zote mbili, paipu mpya, milioni 3.8. Kabla ya kuchomelea anachomoa betri, asije akaunguza vifaa vya umeme. Halafu kuosha ndani ya chesesi kwa maji matamu yenye presha hadi yatoke meupe, kuzibua matundu yote, kukausha siku mbili juani, brashi ya waya, dawa ya asidi ya fosforasi inayogeuza kutu iliyobaki kuwa nyeusi ngumu, praima ya zinki, rangi. Ndani, ambako brashi haifiki, anapuliza kwa mpira mwembamba mafuta mazito ya sufu ya kondoo au nta. Hayakauki yakapasuka kama lami, yanatambaa hadi kwenye viungo, na yanarudiwa kila mwaka. Yasiguse diski wala pedi za breki.

Kuna jirani ameshauri nipulize oili chafu, "wazee wote walifanya hivyo". Oili chafu inavimbisha mpira wa bushi, inanasa vumbi, na inadondoka hadi kwenye kisima cha mtu. Asante jirani, hapana.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mnaouliza yadi gani, sitaji. Namwona mwanasheria kwanza, sitaki kesi igeuke nishtakiwe mimi kwa kuchafua jina. Aliyeandika "maskini akinunua gari lazima alie", nimekusoma, Mungu anakuona. Na mkuu aliyesema nirudishe gari: muuzaji ameacha kupokea simu zangu tangu juzi.

Kwa hiyo leo mchana nimepita mwenyewe kwa daladala. Yeye hayupo. Ila pale mbele ipo pikapu nyingine, rangi ya bluu, mlango kwa mlango kama yangu. Nimejifanya mteja. Nikawasha tochi ya simu nikaanza kupiga magoti, kijana anayeosha magari akanishika bega, kwa adabu kabisa: "Samahani mzee wangu, bosi hataki wateja walale chini. Mtachafuka, dawa haijakauka."