Mjadala: Leveli zikigawanywa kwa mbili, jasho la mchezaji linahesabiwaje?

Wakuu, gemu ninayocheza mtandaoni imetangaza kuufumua mfumo mzima wa leveli, yaani ngazi anazopanda mchezaji kwa kuchuma pointi. Leveli zote zitagawanywa kwa mbili ili wakongwe na wageni wakaribiane. Sipingi mabadiliko, napinga hesabu yenyewe.

Chukueni gemu ya mtandaoni ya RuneScape. Leveli 99 ya ujuzi mmoja inataka pointi 13,034,431. Leveli 92 inataka 6,517,253, yaani nusu tu ya hizo. Asiyecheza atadhani zimebaki hatua saba afike, kumbe ndiyo kwanza yuko katikati ya safari. Sasa gawanya kwa mbili: wa 92 anapewa 46, wa 99 anapewa 49. Nusu nzima ya kazi imegeuka tofauti ya leveli tatu! Gemu yetu nayo imejengwa vivyo hivyo, kila leveli ni ghali kuliko iliyotangulia. Juzi mwenzangu wa kikundi, ambaye huingia kila usiku kukata miti ileile, alinitumia picha ya skrini yake. Mstari wa pointi umebakiza upana wa unywele. Akaniuliza, "Nimalizie au niache?" Nilikosa la kumjibu, na bado linaniuma.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mbona gemu ya World of Warcraft walishusha leveli ya juu kutoka 120 hadi 50 mwaka 2020, kisha ikawa 60, na watu bado wanacheza? Mgeni akiuona mlima wa leveli 120 anakata tamaa siku ileile. Wageni wasipoingia, tutabaki wakongwe kusalimiana kwenye seva tupu.

Mleta mada:
Kuhusu wageni nakuunga mkono kabisa, mkuu. Ila kule leveli ya juu ilikuwa mlango tu. Wachezaji wa kudumu karibu wote walikuwa nayo, na kazi kubwa ilianzia hapo, kutafuta silaha na mavazi bora. Kwetu leveli ndiyo mali yenyewe.

Tena mifano ya kutisha ipo. Gemu ya Star Wars Galaxies, Novemba 2005, walikata fani za kuchagua mchezaji kutoka zaidi ya 30 hadi 9 kwa mkupuo, na wengi waliozijenga kwa miaka wakahama. RuneScape wenyewe walibadili mfumo wa mapigano Novemba 2012. Haikupita miezi minne, baada ya wachezaji kupiga kura, wakafungua seva za toleo la zamani la gemu, la 2007.

Wapunguze pointi za leveli za mwanzo, mgeni apumue. Za juu wazibadilishe kwa kufuata pointi alizochuma mtu, na waweke seva ya majaribio kwanza, kila mmoja aione akaunti yake itakavyokuwa. Mlio juu ya leveli 90, mmeshapiga hesabu mtabaki na nini?